Ghorofa ya Sita na Swali la Mama

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimeiona nyumba yangu. Haijawa yangu bado, sijalipa hata shilingi, lakini tangu asubuhi naiita hivyo kimoyomoyo na ulimi umeshazoea. Ipo Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, ghorofa ya sita, kwenye jengo jipya ambalo bado linanuka saruji. Nilipanda kupima madirisha ya mteja wa ghorofa ya nne, nikasikia mlango unagonga huko juu, nikaenda kuchungulia kwa umbea wangu tu. Vyumba vitatu, sebule, na kibaraza cha kuanikia nguo. Kuta za kugawa vyumba bado hazijajengwa. Upepo unaingia dirisha la sebuleni na kutokea la jikoni, hauombi ruhusa kwa mtu.

Miaka yote hii nashona mapazia Kariakoo. Nimepima madirisha ya watu Bongo nzima, na kila nikimaliza nasema mashallah, nakunja futi yangu, narudi Ilala kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, ambako dirisha langu linatazama choo cha wapangaji wote. Leo nimepima dirisha bila kutumwa na mtu.

Kijana wa mauzo akanikuta humo humo. Anaitwa Theophil, mtu wa Ndanda, viatu vyake vinang'aa kuliko marumaru anazouza. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Karibu dada, hii ndiyo pekee iliyobaki upande wa upepo." Mimi ni mfanyabiashara, najua mtu anaponiuzia maneno. Nikayanunua yote.

Jumapili, 6 Aprili

Nimemwambia Nurdin. Mume wangu ni fundi friji, na kila jambo analifungua taratibu, skrubu moja moja. Jengo la nani? Mhandisi nani? Hati inatoka kwa jina la nani? Nikajibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nikayajibu pia. Akafikiri mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Sawa, Mama Salma. Ila Mama asiporidhia, hatuendi."

Nikamwambia mama yangu, tunayekaa naye, ataridhia kabla sijamaliza sentensi. Nani asiyependa choo chake mwenyewe?

Jumanne, 8 Aprili

Mvua kutwa. Sijauza hata pazia la bafuni. Nimeshinda nachora jiko.

Ijumaa, 11 Aprili

Nurdin amempeleka mhandisi anayemwamini, mtu mkali asiyecheka. Wamegonga nguzo, wameshuka mpaka chini kabisa, wamedai karatasi za ujenzi wakapewa. Jengo liko imara. Nurdin alipotoka alikuwa anatabasamu, na mume wangu hatabasamu hovyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku tamu! Theophil alinipa chaki akaniambia, "Chora dada, hapa unapanga mwenyewe." Kuta za ndani bado mtu anachagua zikae wapi. Nikapiga magoti kwenye zege na gauni langu la harusi za watu. Chumba cha Salma hapa, akirudi kutoka bweni asilale tena na bibi yake. Chumba cha Mama karibu na bafu. Jiko nimelifungua lote, halina ukuta, unapika huku unaongea na wageni sebuleni, kama nilivyoona Masaki. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, Theophil ameshika mwamvuli wangu na wala hachoki.

Anasema kuna mfanyabiashara wa vyombo anaitolea macho nyumba hii hii. Tukitoa kishika uchumba kabla Mei haijaisha, ni yetu. Imebaki kumwambia Mama tu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwambia Mama. Bora ningenyamaza.

Nilipika wali wa nazi na changu wa kupaka, nikasubiri ale ashibe. Kisha nikamwaga yote: upepo, chumba chake, bafu lenye maji ya moto, msikiti upo hatua chache tu. Mama, Bi Hajira binti Kondo, mzaliwa wa Ilala hii hii, akawa anachambua miiba taratibu.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita, Mama. Lakini kuna lifti."

"Jeneza litapita wapi?"

Nurdin akainamia sahani yake. Mimi nilidhani sijasikia vizuri.

"Jeneza la nani, Mama?"

"La yeyote. Mkubwa wenu ni mimi, basi tuseme langu."

Akanawa mikono, akaenda kuswali. Mama yangu hajawahi kukataa kitu kwa kusema hapana. Anauliza swali, anakuachia, anaondoka. Nilipotaka kuolewa na Nurdin aliuliza, "Ana ndugu wangapi wanaomdai?" na akaniacha nalo mwezi mzima. Sasa hili. Watu wanaingia nyumba mpya kwa ubani na visomo, yeye anaanza na jeneza! Nimekasirika, sifichi. Nimeosha vyombo kwa kelele makusudi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mama hajalitaja, nami sijalitaja. Tunanuniana kwa adabu: shikamoo, marahaba, chai hii hapa.

Jumatano, 23 Aprili

Nimempeleka Mama akaione. Nilijua akiusikia upepo ule atalegea.

Theophil alijitahidi, maskini. Alitusubiri mlangoni, "Shikamoo Mama," akamshika mkono, akaanza kumwaga: jenereta ya jengo zima, kamera kila kona, lifti mpya. Mama akaitikia marahaba, akaingia kwenye lifti, akasimama katikati, akavua khanga ya juu. Akanipa ncha moja, akanirudisha hadi ukutani, mwenyewe akaivuta hadi ukuta wa pili. Khanga ikabaki inaning'inia.

"Hata mtu wa kawaida halali humu," akasema. "Ngazi ziko wapi?"

Theophil akacheka kidogo. "Mama, hapa watu wanakuja kuishi, hawaji kufa."

"Kwani unakoishi wewe, mwanangu, hawafi?"

Mama alipanda ngazi mpaka kona ya pili, akaitazama, akaigusa, akashuka. Theophil aliapa kwamba linapita. Mama akasema neno moja tu: "Nilione." Hakupanda juu kabisa. Jiko langu la chaki hakuliona.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemwambia Nurdin kwamba Mama anatuwekea kauzibe. Hataki kuhama, kwa hiyo ametafuta kisingizio ambacho hakuna mtu atathubutu kukijibu. Nurdin akatoka. Kumbe alikuwa na lake moyoni.

Jumapili, 27 Aprili

Leo Nurdin amenieleza, na nimelia.

Mama Mdogo Swaumu, ndugu wa Mama kwa baba na mama, alifariki kwa mwanawe Upanga, ghorofa ya nane. Mimi nilikuwa Kampala kufuata vitambaa, nikafika wameshazika. Nilijua tu kwamba alizikwa na watu wengi. Hakuna aliyeniambia alivyoshuka.

Jeneza halikupita kwenye ngazi. Walijaribu, likakwama, jua linazama na watu chini wanasubiri. Wanaume wakaamua kumtia kwenye lifti. Wakamfunga kwenye mkeka akiwa na sanda yake, wakamsimamisha. Nurdin ndiye aliyemkumbatia asianguke. "Nilikuwa namwambia, samahani Mama Mdogo, samahani, mpaka tukafika chini," akaniambia. Na mlango wa lifti ulipofunguka, aliyekuwa amesimama mbele yake ni Mama.

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alimshika miguu, tukasaidiana kumlaza."

Mama hajawahi kunitamkia hilo hata siku moja. Na mimi nimemgongea vyombo! Nimekwenda chumbani kwake nikamkuta anakunja nguo. Nikakaa karibu naye nikakunja pia. Nilitaka kusema samahani, lakini nikasema, "Mama, utaliona likipita." Akaniambia gauni lile halikunjwi hivyo.

Sasa naijua hasa shida yangu. Nyumba naitaka, naitaka mpaka naiota. Lakini kama kushuka kwa Mama hakuna heshima, hahamii yeye, na mimi sitamwacha Ilala niende kupunga upepo.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda msikitini kwetu kuonana na Mzee Abdulswamad, mtunza vifaa. Nikamwomba atuazime jeneza.

"Nani katutoka?"

"Hakuna, Mzee. Tunataka kulijaribu kwenye ngazi."

Alinitazama sana. "Jeneza si ngazi ya mpaka rangi, binti yangu, likaazimwa likarudishwa." Nikamsimulia habari ya Mama Mdogo Swaumu. Akavua kofia, akajikuna. Amekubali kwa sharti moja: "Lisifunikwe. Watu wakiona shuka la kijani watajua lina mtu." Jumamosi, inshallah.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimesimamisha mazishi yasiyo na maiti katikati ya Kariakoo. Naandika yote sasa hivi, ingawa sidhani kama mtaa ule utaniacha nisahau.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nurdin na mafundi wenzake watatu walichukue jeneza kwa kigari cha kirikuu, walifikishe mlangoni, walipandishe, walishushe, basi. Mimi na Mama tusubiri chini pamoja na Theophil.

Mvua haikuwamo kwenye mpango. Iliwakuta njiani. Nurdin akaona mbao za msikiti zitalowa, na shuka la kijani lilikuwa limekunjwa humo humo ndani. Akalifunika. Alilifunika vizuri kabisa, maana mume wangu hafanyi kazi nusu nusu. Walipofika Msimbazi kirikuu hakikupenya: Jumamosi, mikokoteni, mizigo, machinga na maturubai yao hadi katikati ya njia. Wakaliteremsha wakalitia mabegani.

Anasema hawakufika hata fremu ya duka la tatu. Kwanza muziki ukazimwa. Halafu muuza viatu akaviacha viatu vyake mvuani, akaja akampokea Nurdin bega. Sisi ndivyo tulivyo. Jeneza likipita huulizi la nani, unaweka bega, unakwenda hatua chache, unampisha mwenzio, na thawabu zako umezipata. Akaja wa pili, wa tatu, wakaja wapagazi, wakaja wenye maduka. Nurdin akawa anasema, "Jamani, halina mtu," lakini watu walikuwa wameshaanza Laa ilaha illa Llah, na sauti ya Nurdin ni ya kuongea na friji. Kila akifungua mdomo anasukumwa nyuma na mwenye bega jipya. Punde wale mafundi wote wanne walikuwa nje ya jeneza, wanalikimbilia.

Mbele akatangulia Hashimu, muuza kahawa wa mtaa wetu wa biashara, mtu ambaye hajawahi kuona shaka katika maisha yake. Aliamua kwamba maiti anakwenda kuzikwa Kisutu.

Sisi kule mlangoni tukaliona shuka la kijani kwa mbali. "Hilo linakuja, Mama," nikasema. Mama akainuka kwenye kiti chake cha plastiki. Jeneza likaja, likatufikia, likatupita.

"Wanalipeleka wapi?" Mama akaniuliza.

Nyuma ya umati nikamwona Nurdin, kiatu kimoja mkononi, ananipungia.

Sisi wanawake hatufuati jeneza, najua. Lakini lile lilikuwa la kuazima! Nilikunja baibui nikakimbia kwenye matope, nikawakuta wanakata kona kuelekea Mnazi Mmoja, nikapita mbele yao nikatanua mikono.

"Simameni! Halina mtu!"

Wakasimama. Hashimu akanitazama kwa huruma nyingi. "Mshikeni dada huyo," akasema. "Uchungu huo." Wanawake wawili nisiowajua wakanikamata, mmoja akanifuta uso kwa khanga yake, mwingine ananiambia nimshukuru Mungu. Kadiri nilivyopiga kelele kwamba halina mtu ndivyo walivyozidi kunikumbatia.

Alinikomboa Mama. Alikuja ameegemea mkono wa Theophil, mwenye viatu vilivyokwisha kazi kwa tope. "Literemsheni," akasema, na wakaliteremsha, maana mbele ya sauti ile hata mimi mtu mzima naketi. Akalifunua mwenyewe.

Tupu. Minong'ono ikaanza. "Huu ni mzaha gani?" mtu akafoka. "Watu tumefunga maduka!" Niliogopa, sisemi uongo.

"Si mzaha," Mama akasema. "Binti yangu huyu anataka kuninunulia nyumba ghorofa ya sita. Nataka nijue nitakavyoshuka."

Nadhani kila mmoja alimkumbuka mtu wake. Halafu Hashimu akajipangusa mvua usoni. "Sasa Bibi, si ungesema mapema? Mabega yenyewe yapo hapa. Jamani, tunageuza!"

Likageuzwa. Kariakoo nzima ikaona jeneza linarudi kutoka njia ya makaburini, na waliokuwa wamezima redio hawakujua wawashe au waendelee kuzima.

Lilipanda vizuri ghorofa ya kwanza. Lilipanda ya pili. Kona ya kwenda ya tatu likagoma. Wakarudi nyuma wakajaribu tena. Mpagazi mmoja, Mkristo mwenye rozari shingoni, akasema, "Tukiliinua huku liwe wima kidogo, linapita."

"Msiliinue," Mama akasema. Alikuwa nyuma yao kwenye ngazi, anahema. Hakupaza sauti. "Ahsanteni wanangu. Nimeliona."

Theophil alikuwa amebaki ameegemea ukuta ule wa kona. Niligeuka nimtemee maneno yangu yote, maneno niliyoyaandaa tangu tarehe ishirini na tatu. Uso wake ulinizuia. "Hata sanduku la kwetu Wakristo halipiti," akasema polepole. "Humu nimewauzia watu wenye wazee, dada Shadya. Niliapa bila kupima." Alikuwa hauzi kitu tena.

Nimelia njia nzima kurudi Ilala. Mama akanipa leso, naye hakulia.

Jumapili, 4 Mei

Asubuhi amekuja mama mmoja wa Buguruni, jamaa wa mbali, anaangua kilio tangu getini, na mfuko wa sukari mkononi. Amesikia Bi Hajira amefariki, jeneza lake limeonekana. Bi Hajira alikuwa uani anachambua mchele. Yule mama alikaa chini puu. Mama akampa maji, akamliwaza, akamshukuru kwa kuja kwenye msiba wake. Sukari hakuirudisha.

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Halafu nikakumbuka nyumba, kicheko kikakata.

Alhamisi, 8 Mei

Theophil amekuja Ilala, mara ya kwanza. Amekwenda msikitini mwenyewe kupima jeneza, kisha akapima kona zote. Anasema ramani ya kwanza ilikuwa na ngazi pana. Mwenye jengo aliongeza stoo kila kona, kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu, apate pa kukodisha kwa wenye mizigo. Alipomweleza, mwenye jengo alimjibu, "Wewe uza. Usiniletee habari za maiti."

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo siuzi," akasema. "Kila mteja akija namweleza ukweli." Mama akamwongezea mandazi.

Jumatatu, 12 Mei

Bodaboda wameshalipa jengo jina. Ukisema Mtaa wa Mchikichi wanakuuliza, "Pale Jeneza Halipiti?" Leo nimemsikia dereva wa mkokoteni anaelekeza hivyo kabisa, hana hata tabasamu.

Jumatano, 14 Mei

Yule mfanyabiashara wa vyombo amejitoa. Mama yake amesikia huko Lindi! Nimepiga vigelegele dukani peke yangu, mteja akadhani nimempunguzia bei.

Ijumaa, 16 Mei

Hofu. Mwenye jengo kamwambia Theophil atafute kazi kwingine. Mvua imerudi na dirisha langu linalotazama choo limevuja hadi kitandani. Mama anasema tusubiri. Sijawahi kuwa mtu wa kusubiri.

Jumatatu, 19 Mei

Limetokea! Waliokwisha nunua wamekwenda kwa mwenye jengo kwa pamoja, Waislamu kwa Wakristo, na Hashimu na birika lake mbele ingawa hajanunua kitu. Mteja wangu wa ghorofa ya nne ndiye aliyesema naye kwa ukali zaidi. Mwenye jengo akapanda ngazi mwenyewe pamoja na mhandisi wake, na yule wetu asiyecheka naye akaitwa. Zile stoo ni tofali tupu. Hazibebi chochote. Zinavunjwa zote, na Theophil amerudishwa kazini.

Nasikia mwenye jengo alipokuwa anashuka, aliuliza taratibu kona ile inataka upana gani hasa. Naye ana mama mzazi, tena mgonjwa. Nilikuwa nimemwapiza siku zote hizi. Nimepunguza.

Alhamisi, 22 Mei

Nyundo kutwa. Nimefunga duka mapema nikasimama chini nasikiliza. Sijasikia muziki mtamu kama ule.

Jumamosi, 24 Mei

Jua kali. Jeneza limekuja tena, wazi, halina shuka, na Mzee Abdulswamad ametembea mbele yake akiwatangazia watu: "Halina mtu! Tunajaribu!" Hata hivyo walikuja kuweka bega, safari hii wanacheka.

Likapita kona ya tatu. Likapita ya nne, ya tano. Hakuna aliyeliinamisha, mtu angelala humo asitikisike. Wakaliweka sebuleni kwangu, juu ya michoro yangu ya chaki. Mama aliingia baada yao, akashika mlango apumzike. Ndiyo mara ya kwanza anafika juu. Upepo ukampeperusha ushungi.

Akalizunguka jeneza. Akalipapasa ubao wa juu, mara moja, na nikaona midomo yake inatamka jina la mdogo wake. Nurdin akatoka kibarazani, mabega yanamcheza. Mama akamfuata. Sikusikia waliyoongea, lakini nilimwona anamfuta mkwewe machozi kwa ncha ya khanga, kama mtoto.

Kisha akarudi ndani, macho makavu.

"Haya, lirudisheni msikitini, ahsanteni sana. Shadya, hebu njoo. Hili jiko mbona halina ukuta?"

"Ndiyo mtindo wa sasa, Mama. Unapika huku unaongea na wageni."

"Wageni wanione nakuna nazi nimetanua miguu? Na moshi wa samaki ukalale kwenye makochi? Weka ukuta hapa. Na dirisha dogo la kupitishia vyombo. Na chumba changu sikitaki kile, nipe hiki cha mbele nione watu."

Tumegombana hadi adhuhuri. Nilikuwa na furaha mpaka nasahau hoja zangu. Ukuta unajengwa.

Jumamosi, 31 Mei

Tumelipa, tumesaini. Nurdin alisoma kila mstari, mwanasheria akasinzia.

Alhamisi, 5 Juni

Tumehamia. Chumba cha Salma hakijapakwa rangi, makabati hayana milango, na umeme ulikatika kitanda kikiwa kwenye lifti. Mama amefukiza ubani kila pembe, hata kibarazani. Sina nguvu ya kuandika.

Jumamosi, 7 Juni, Idi

Asubuhi ya kwanza ya sikukuu nyumbani kwangu. Pilau iko motoni, nyuma ya ukuta, na nakiri kwamba harufu inakaa huko huko. Nurdin amerudi kuswali, Salma kalala kwenye marumaru anafurahia ubaridi.

Nikakumbuka sina ndimu ya kachumbari. Nikatafuta viatu nishuke, mara nikasikia Mama anapiga kelele chumbani kwake. Nilikimbia roho mkononi.

Alikuwa dirishani, nusu mwili nje. "Wewe wa ndimu! Wewe! Tazama juu!" Alikuwa amechukua kamba zangu za mapazia, mpya, za mteja, akaziunga moja kwa nyingine, akafunga kikapu chake cha sokoni, anakishusha. Ghorofa sita! Mtaani watu wamesimama na kanzu zao nyeupe, vichwa juu, wanakielekeza: "Kushoto Bibi! Tena! Hapo hapo!" Muuza ndimu akatoa hela kikapuni, akakijaza, akaongeza pilipili za sikukuu.

Kikaanza kupanda. Kilipofika ghorofa ya tatu mkono ukatoka dirishani, ukachukua ndimu mbili. "Idi mubaraka, Bibi!"

"Mwizi!" Mama akamjibu, anacheka mpaka kamba inatikisika. "Njoo ule pilau uzirudishe!"

Nilisimama pale mlangoni nikamtazama na machozi yakanitoka, ya furaha tupu. Hakunigeukia.

"Usisimame tu, Shadya," akasema. "Njoo tuvute."